Umri wa Yai

"Moja kwa hamsini na nane," mkunga alisema, na dada yangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya viazi.

Ilikuwa Jumanne ya Februari, mwaka 2010, na mimba yake ilikuwa imetimiza wiki kumi na mbili. Dorthe alikuwa amelala chali, tumbo limepakwa ile jeli ya baridi, na mimi nimekalia kiti cha baba mtoto, kwa sababu baba mtoto mwenyewe, shemeji yangu Karsten, alikuwa baharini na meli ya mafundi wa mitambo ya upepo. Taa zilikuwa zimepunguzwa. Kwenye skrini mtoto alikuwa bado anarusha miguu, hana habari kwamba ameshapewa namba.

"Maana yake nini?" nikauliza mimi.

Mkunga aliitwa Vibeke, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. "Tukichukua wanawake hamsini na wanane wenye majibu kama haya, mmoja wao atazaa mtoto mwenye Down, ule ulemavu wa kuzaliwa nao. Hamsini na saba hawatazaa. Mstari wetu ni moja kwa mia tatu. Hatari ikizidi hapo, tunakupa nafasi ya kuchomwa sindano ili ujue kwa uhakika."

"Lakini si umesema picha ni nzuri?"

"Picha ni nzuri sana. Yale maji ya nyuma ya shingo ni milimita moja na nusu, sina neno nayo. Na damu aliyotoa wiki mbili zilizopita haina kelele." Akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Kinachopandisha namba ni umri. Mama ana miaka arobaini na mitatu, na mayai yake nayo yana miaka arobaini na mitatu. Kompyuta inaanzia hapo, halafu ndiyo inaangalia mengine."

Hapo nikahisi joto limenipanda usoni. Yai lile halikuwa na miaka arobaini na mitatu. Lilikuwa na miaka ishirini na sita, na lilikuwa langu.

Nilimwangalia Dorthe. Naye alinitazama, mara moja tu, kwa jicho alilokuwa akinitazama nalo kanisani nilipokuwa mdogo. Nikafunga mdomo.

Mimi jina langu Gry. Napaka rangi nyumba za watu, na wateja wangu watakwambia kwamba domo langu linatangulia brashi. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka saba, baba hakuwa mtu wa kulea, na Dorthe, aliyenipita kwa miaka kumi na sita, ndiye aliyenisuka nywele, akanifundisha baiskeli, akanipiga kofi nilipovuta sigara. Halafu akaolewa, na kwa miaka tisa akatafuta mtoto asimpate. Mimba tatu zilimtoka. Ya mwisho nilikuwa naye bafuni, na sitaki kuizungumzia. Madaktari wakamwambia mayai yake yamechoka. Basi nikamwambia: chukua yangu, mimi siyatumii.

Wakati ule sheria ya kwetu Denmark ilikuwa hairuhusu kumpa ndugu yako yai waziwazi, kwa hiyo tulikwenda Finland mwezi wa Novemba. Watu tuliwaambia tunakwenda kuota joto la sauna. Waliojua walikuwa watatu tu, mimi, Dorthe na Karsten, na Dorthe aliniapisha kwenye kaburi la mama kwamba tutabaki watatu. Aliporudi na mimba akamwambia daktari wetu wa mtaani kwamba imeingia yenyewe. Daktari akafurahi, akaandika hivyo kwenye karatasi ya kumpeleka hospitali, na uwongo ule ukasafiri mpaka kwenye kompyuta ya Vibeke.

"Sindano yenyewe ikoje?" Dorthe akauliza.

"Inapita tumboni, inachukua kipande kidogo cha kondo la nyuma. Si ndefu. Ila lazima nikwambie, kama mmoja kati ya mia hupoteza mimba kwa sababu yake. Kesho saa tatu asubuhi kuna nafasi."

"Naichukua," dada yangu akasema, hata kabla mama wa watu hajamaliza.

Kwetu mtu akishaambiwa namba kama ile, hakuna anayemuuliza atafanya nini. Anaulizwa lini. Zamani mjini petu palikuwa na Poul, aliyekuwa akikusanya vigari vya duka na kumsalimia kila mtu kwa jina. Poul alikuwa na Down. Alipofariki, hakupatikana wa kushika nafasi yake, maana mimba za watu kama Poul hutolewa, hawazaliwi tena.

Nilimsubiri mpaka tukawa kwenye maegesho. Theluji ilikuwa inapeperuka kwa ubavu, na Dorthe alikuwa anahangaika na mlango wa gari.

"Dada, rudi ndani. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga."

"Fungua mlango, nasikia baridi."

Nikafungua. Tukaingia. Nikawasha gari lakini sikuliondoa.

"Ile namba si ya mtoto wako," nikasema. "Ni ya mayai yako, na mayai yako hayamo mle."

Nilijua litamuuma na nikalisema hivyo hivyo. Hasira yangu ndivyo ilivyo, hutoka kwanza halafu mimi ndiyo nafuata nyuma kuokota vipande. Dorthe hakulia. Alifunga mkanda wa gari taratibu, chini ya tumbo, kama vile kijitabu cha hospitali kilivyoelekeza.

"Endesha, Gry."

Tulikwenda nusu saa. Kwenye kituo cha mafuta nikasimama, nikanunua soseji mbili na kahawa, na tukala ndani ya gari huku vioo vikitoka jasho. Nikaona labda akishashiba atasikia.

"Hebu piga hesabu na mimi," nikasema. "Sindano inatoa mimba ya mmoja kati ya mia. Sawa? Unachokitafuta kwa sindano hiyo, kwa yai la mtu wa miaka ishirini na sita, ni mmoja kati ya elfu na zaidi. Yaani unachoma nyumba kutafuta panya ambaye pengine hayumo."

"Na wale tisini na tisa?"

"Wale tisini na tisa si wewe! Wewe umeshakuwa yule mmoja mara tatu!"

Akaacha kutafuna.

"Samahani," nikasema.

"Wewe husikii samahani. Unasema tu." Akafuta haradali kwenye kidole. "Sikiliza sasa, na usinikatize. Hapa kwetu kikishaandikwa kimeandikwa. Faili linakufuata mpaka kaburini. Siku mtoto ana miaka kumi, anaumwa sikio, nesi anafungua kompyuta, anasoma: yai la mama mdogo. Nesi anaishi wapi? Mtaa wa pili. Halafu mtoto anasikia shuleni. Anarudi nyumbani, ananiangalia mimi, anakuangalia wewe umekaa mezani kwangu na nywele zile zile kama zake. Atamwita nani mama?"

"Wewe. Atakuita wewe."

"Unasema hivyo kwa sababu si wewe utakayengoja kusikia."

"Dada, mficha uchi hazai."

"Mimi?" Akacheka, kicheko kikavu. "Mimi nimeufichua uchi wangu miaka tisa. Nimepanuliwa miguu Aarhus, nimepanuliwa Copenhagen, nimepanuliwa Finland. Wanafunzi wa udaktari sita walisimama kunitazama siku moja, mmoja anakula pipi. Nimechoka kufichua. Hili moja nalificha."

"Hata kama litamuua?"

"Uliniapia," akasema. "Kwenye kaburi la mama. Au na hilo umelisahau?"

Sikuwa nimelisahau. Niliendesha mpaka kwake, na nikalala kwake usiku ule kwa sababu niliogopa kwamba nikienda nyumbani kwangu atakwenda hospitali peke yake.

Kabla ya chakula cha jioni Karsten alipiga simu kutoka melini. Dorthe akaiweka juu ya meza, sauti wazi, akaendelea kukata mkate wa shayiri nyeusi.

"Moja kwa ngapi?" Karsten akauliza. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Hamsini na nane."

"Mbona kubwa hivyo? Mimi nilidhani kwa vile yai ni la..." Simu ikakatakata. "...Gry yupo?"

Dorthe akanitazama. Kisu kilikuwa mkononi mwake na kipande cha mkate kimesimama nusu.

"Hayupo," akasema. "Kompyuta ndiyo imesema, Karsten. Kesho nachomwa sindano, halafu tutajua."

"Basi kama kompyuta imesema. Wewe unaonaje?"

"Naona hivyo hivyo."

"Pole mke wangu. Ningekuwepo."

"Najua."

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikupaza sauti. Nilikuwa mita moja kutoka kwenye simu ile. Nilisimama pale kwenye sinki na taulo mkononi, mwoga, na nikamwacha shemeji yangu adanganywe kuhusu mtoto wake mwenyewe. Najua sababu ilikuwa nini. Ni yule yule aliyenisuka nywele. Ukishazoea kumtii mtu ukiwa na miaka saba, mwili hauambiwi kwamba umekua.

Lakini sikulala. Na asubuhi nilipoinuka kitandani nilikuwa nimeamua: nitasema chumbani, mbele ya daktari, hata kama dada yangu hatanisemesha tena maisha.

Dorthe ananijua. Alikuwa ameshalitazamia hilo. Nilipotoka nje kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, nilimkuta mama mkwe wake amekaa kiti cha mbele, birika la kahawa mapajani, kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi.

"Mama Inger-Lise! Unafanya nini humu?"

"Nimeitwa. Dorthe kasema anataka mtu mzima wa kumshika mkono." Akanipima juu mpaka chini. "Wewe una rangi sikioni."

Nikaelewa. Mbele ya daktari ningethubutu. Lakini Inger-Lise alikuwa anaimba kwaya ya kanisa, na kilichoingia sikioni mwake asubuhi, saa ya kahawa kilikuwa kimeshavuka daraja. Dorthe alikuwa amemleta awe kufuli la mdomo wangu.

Dorthe alitoka amevaa koti lake zuri, akapita pembeni yangu bila kuniangalia, akaingia kiti cha nyuma.

Njiani Inger-Lise alizungumza peke yake. "Usiogope, mwanangu. Sara wa kwenye Biblia alikuwa na miaka tisini. Wewe kwake ni kigoli! Arobaini na mitatu, na bila daktari hata mmoja kutia mkono. Mimi nasema ni muujiza."

"Hujamwambia mtu, mama?" Dorthe akauliza. Kwetu mimba haitangazwi mpaka kipimo cha shingo kipite salama.

"Nani, mimi? Sijamwambia mtu." Akanywa kahawa. "Wawili tu. Wa sauti ya pili."

Niliendesha.

Chumba cha pili kilikuwa na mwanga mkali, si kama kile cha jana. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, kifuani ameandikwa Fabricius. Alitutazama sisi watatu.

"Mmekuja ukoo mzima," akasema. "Haya. Mmoja amshike mkono, mwingine akae kule ukutani."

Inger-Lise akachukua mkono. Mimi nikawekwa ukutani. Dorthe akalala, akafunua tumbo. Kwenye kimeza cha chuma palikuwa na kifurushi cha karatasi, kirefu, bado hakijachanwa.

"Nasoma mara ya mwisho kabla hatujaanza," daktari akasema, macho kwenye skrini. "Umezaliwa Januari 1967. Huvuti sigara. Mtoto mmoja tumboni. Mimba imeingia yenyewe, bila matibabu yoyote. Yote ni sahihi?"

"Sahihi," Dorthe akasema.

"Si sahihi," nikasema mimi.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Daktari akageuka.

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Yai si lake. Ni langu. Lilitolewa Finland mwezi wa Novemba, na mimi nina miaka ishirini na sita. Hiyo namba yenu mmeipiga kwa umri usio wake."

Inger-Lise alikuwa bado ameushika mkono wa Dorthe, mdomo uko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haukutoa kitu.

"Ni kweli?" daktari akamuuliza Dorthe.

Dorthe alikuwa anatazama dari. "Mdogo wangu hana mume wala mtoto," akasema, taratibu, kwa sauti ya kunihurumia. "Tangu nipate mimba amekuwa hivi. Anaona wivu. Msamehe."

Nimewahi kuanguka ngazi ya mita nne na ndoo ya rangi. Haikuuma vile. Nilitaka kumpigia kelele, nimwambie mimi ndiye niliyejichoma sindano tumboni siku kumi na moja kwa ajili yako. Nilitaka pia kwenda kulala pembeni yake. Machozi yakanitoka na nikayaacha.

"Daktari, nakuomba," nikasema. "Piga simu Finland."

"Siwezi kupiga simu popote bila ruhusa yake." Daktari hakuwa na ukali, ila hakuwa na nafasi pia. "Mimi namsikiliza aliyelala kitandani. Yeye ndiye mgonjwa wangu. Ukinyamaza, kaa. Ukisema tena, utangoja nje."

Nikanyamaza. Ningefanya nini? Kama angechomwa na lile likatokea, sikutaka awe na Inger-Lise peke yake.

Daktari akavaa glovu. Akampaka tumbo dawa ya kahawia, mara mbili, kwa kuzungusha. Akaweka kile kifaa cha picha, na mtoto akatokea ukutani, kwenye skrini kubwa waliyoitundika kwa ajili ya mama kuona. Alikuwa amelala. Mkono mmoja ulikuwa umefunika uso.

"Kondo liko mbele, vizuri," daktari akasema. "Njia ni fupi. Kwanza ganzi, utasikia kama kuumwa na nyuki. Halafu sindano yenyewe. Ikishaingia, usikohoe, usitikisike, hata kidogo."

Akachana kile kifurushi cha karatasi.

Inger-Lise hakuwa anaitazama sindano. Alikuwa ananitazama mimi, kisha Dorthe, kisha mimi. Yule mama ana maneno mengi lakini si mjinga, na amezaa watano.

"Dorthe," akasema. "Mwanangu. Mtu hatoi machozi yale kwa wivu."

Dorthe akageuza uso kwenye skrini.

"Ganzi," daktari akasema, akashusha mkono.

"Subiri," Dorthe akasema.

Daktari akasimamisha mkono hewani. Dorthe alikuwa anamtazama yule mtoto kwenye skrini, aliyefunika uso.

"Umeumia?"

"Hapana. Andika."

"Niandike nini?"

"Tarehe ya kuzaliwa. Mtaitaka, si ndiyo? Kwenye hiyo kompyuta." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Tarehe kumi na moja Machi, elfu moja mia tisa themanini na tatu. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, na mkunga hakufika, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimpokea kwa mikono hii. Alikuwa wa bluu, halafu akalia." Akafumba macho. "Huyo ndiye mwenye yai. Andika."

Sikuwa nikijua. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikiambiwa nimezaliwa nyumbani, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni mikono ya nani.

Daktari akaiweka sindano chini. Akavua glovu, akaketi kwenye kompyuta, akaanza kuchapa. Ilichukua labda dakika mbili. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza upya.

"Moja kwa elfu moja mia tano na ishirini," akasema.

Inger-Lise akatoa pumzi kama tairi.

"Nisikilize vizuri," daktari akamwambia Dorthe. "Hii si sifuri. Sifuri hatuna hapa. Ila kwa namba hii mimi sikushauri sindano. Hatari yake ni kubwa kuliko hatari ninayoitafuta. Uamuzi ni wako. Ukiitaka bado, nitaichoma."

"Siitaki."

"Sawa. Na hili la yai nitaliandika kwenye faili. Lazima."

"Najua," Dorthe akasema. "Andika."

Akajipangusa ile dawa ya kahawia mwenyewe, kwa karatasi nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilisogea kumsaidia kuinuka, akanizuia kwa kiganja, hivi, bila kunigusa.

Kwenye korido Inger-Lise akanivuta pembeni, karibu na mashine ya kahawa.

"Na Karsten? Mtoto ni wa Karsten?"

"Ni wa Karsten, mama."

"Kwa hakika?"

"Kwa hakika."

Akafikiri. "Basi muujiza nimeshautangaza, siwezi kuurudisha," akasema. "Wale wa sauti ya pili wataendelea kuamini. Mimi mdomo wangu, ikibidi, nao una mlango." Akanishika shavu, kwa nguvu, karibu kofi. "Lakini wewe kaa mbali kidogo. Unanielewa? Mwache awe mama."

Tulirudi hivyo, Inger-Lise mbele, Dorthe nyuma. Nilipowafikisha nyumbani, Dorthe alishuka, akainama kwenye dirisha langu. Nilidhani atasema asante. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Usije mpaka nikuite," akasema.

Hakuniita Machi, siku yangu ya kuzaliwa ikapita bila simu. Hakuniita Aprili. Nilipaka rangi shule mbili na nyumba ya mchungaji, na kila siku niliogopa. Dorthe alikuwa na haki ya kuogopa na watu wakamfariji. Mimi niliogopa peke yangu. Kwa sababu sasa, kama mtoto angekuwa yule mmoja wa elfu moja mia tano na ishirini, asingekuwa wa umri wa Dorthe. Angekuwa wa yai langu na wa mdomo wangu. Na tena nilijiuliza, ingekuwaje? Angekuwa mtoto mwenye Down, basi, kama Poul, na ningempenda. Lakini Dorthe je? Angeniangalia vipi? Inger-Lise alikuwa akinitumia ujumbe mfupi wa simu kila Jumapili baada ya ibada: Anaendelea. Amevimba miguu. Anaendelea.

Agosti tarehe kumi na tisa ujumbe ulisema: Msichana. Kilo tatu na robo. Mzima kabisa. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilishuka, nikakaa kwenye majani ya bustani ya mteja, nikalia mpaka mteja akaniletea maji.

Siku nane baadaye Dorthe akapiga. Alisema maneno mawili: "Njoo leo."

Karsten alinifungulia mlango, akanikumbatia kwa nguvu. Nilivua viatu. Nyumba ilinukia maziwa na nguo mbichi. Dorthe alikuwa kwenye sofa, nywele hazijachanwa, ana weusi chini ya macho, na sijawahi kumwona mzuri vile. Mtoto alikuwa begani kwake.

"Nawa mikono," akaniambia.

Nikanawa jikoni, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Niliporudi alinionyesha pa kukaa. Sikumuuliza anaitwa nani, nilingoja aseme.

"Anaitwa Ellinor," akasema. Lilikuwa jina la mama yetu.

Aliniwekea mtoto mikononi, akarekebisha kiwiko changu kidogo, akarudi nyuma hatua moja. Ellinor alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Alifungua jicho moja, akaniona, akalifunga. Alikuwa na kidevu changu. Wote watatu tulikiona, na hakuna aliyetamka.

Dorthe alitazama saa ya ukutani.

"Dakika kumi," akasema, na sauti ilimtetemeka, nikajua kwamba hakuwa ananitesa, alikuwa ananipa kiasi anachokiweza.

Nilimpa mtoto wake ilipofika dakika ya tisa.